Raba Husukumwa, Haivutwi

Kila linapotolewa gereji lori kuukuu lililofufuliwa, sifa humwagwa mahali pasipostahili. Watu husimama mbele ya Bedford iliyopigwa rangi mpya, wakajiona kwenye boneti, wakaona nembo imeng'arishwa na ringi zimepakwa rangi ya fedha, kisha wakatangaza kwamba aliyelitengeneza ni fundi bingwa. Hakuna anayefungua mlango atazame raba. Hakuna anayepitisha kidole kwenye kona ya kioo cha mbele. Na mara nyingi lori hilohilo linalopigiwa makofi lina raba za mlango zilizojivuta kwenye kona zote, kiungo cha ncha zake kilichoachama, na silikoni iliyopakwa kuzunguka kioo kuficha pengo ambalo halikupaswa kuwapo. Hiyo si kazi ya kusifiwa. Kuisifu ni kuwadhulumu mafundi wachache ambao bado wanaifanya inavyostahili, maana wateja wakishazoea kusifu rangi, hakuna atakayekubali kulipia siku mbili za kuvisha raba.

Raba ndipo mahali pa kuihukumia kazi yote, na sababu yake iko katika mpangilio wa kazi yenyewe. Rangi ikipigwa kwa ustadi huweza kufunika bati bovu kwa mwaka mzima. Kromu hupelekwa kwa mwenye mtambo ikarudi inang'aa. Viti hushonwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuliona lori lenyewe. Raba huja mwisho, bati likiwa limeshanyooshwa, milango imeshapachikwa na rangi imeshakauka, na kwa hiyo hupokea makosa ya wote waliotangulia. Mlango ulioshuka kwenye bawaba kwa milimita 4 hautapata raba ya kuuziba: mahali pamoja itabaki nafasi, mahali pengine raba itapondeka. Ukingo wa kioo ulioliwa na kutu kisha ukajazwa puti utakuwa mnene huku na mwembamba kule, na mfereji wa raba hautaukamata sawasawa. Anayejua kusoma raba hana haja ya kuambiwa lori limepita mikononi mwa nani wala limegharimu kiasi gani. Ataona.

Chukua Bedford TJ, lori ambalo Vauxhall ya Uingereza ilianza kulitoa mwaka 1958, na ambalo lilibeba miwa, pamba, saruji na abiria katika nchi zetu kwa miaka mingi. Kabini yake ni ya bati la kweli, ina pua mbele na kioo cha mbele kilichopinda, na kila uwazi wake unalindwa na raba. Katika mazingira yetu raba hizo hupambana na maadui watatu kwa wakati mmoja. Jua huzikausha na kuzipasua. Masika huzitafutia kila tundu. Lakini adui mkali kuliko wote ni vumbi, na wengi hawamhesabu. Lori likiwa kwenye mwendo, presha ya hewa ndani ya kabini huwa pungufu kuliko nje, hasa dirisha moja likiwa wazi, na vumbi hunyonywa kupitia upenyo wowote uliopo. Maji hufuata mteremko. Vumbi hupanda, hushuka na kukata kona. Ndiyo maana kabini iliyofaulu mtihani wa bomba la maji inaweza kuaibika baada ya kilomita 10 za barabara ya udongo mwekundu, dereva akashuka na nyusi za rangi ya matofali.

Kabla ya kuuliza raba imevishwaje, uliza imetengenezwa kwa mpira gani. Kwa vioo na milango ya lori linalokaa juani, chaguo ni EPDM, mpira wa viwandani ulioingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaani baada ya TJ ya kwanza kutoka kiwandani. Huhimili jua, joto na ozoni kuliko mpira asilia, ila hauvumilii mafuta ya petroli wala grisi ya kawaida: hunyonya na kuvimba. Wapo wanaodai kwamba lori la 1958 lirudishiwe mpira wa aina ileile ya 1958, vinginevyo uhalisi umepotea. Dai hilo halina uzito. Uhalisi wa raba uko katika umbo lake ikikatwa, urefu wa tumbo lake la kubanwa na upana wa mdomo wake wa kufuata bati, na weusi wake usiong'aa. Jicho haliwezi kutofautisha EPDM nzuri na mpira wa zamani ulipokuwa mpya, lakini baada ya misimu michache ya jua tofauti itaonekana mbali. Raba za kioo kwa kawaida huwa na ugumu wa 60 hadi 70 kwa kipimo cha Shore A. Asiye na kipimo atumie ukucha. Ukucha uache alama inayofutika palepale. Alama ikibaki, raba hiyo ni laini mno au imechoka. Isipotokea kabisa, imekauka ghalani.

Kwa raba za sponji za mlangoni, majaribio mawili yanatosha. La kwanza, kata kipande, kizamishe ndani ya ndoo, kiminye mara kadhaa, kisha kitoe na ukikamue. Kikitoa maji, vitundu vyake viko wazi, na raba ya namna hiyo itakunywa mvua na kuishikilia juu ya bati mchana na usiku mpaka bati lioze. Itupwe. La pili, kibane kipande kati ya mbao mbili mpaka nusu ya unene wake, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikifunguliwa kirudi kilivyokuwa, au karibu sana na hapo. Raba isiyorudi ni raba iliyokufa kabla ya kuvishwa, hata kama ina karatasi ya kiwandani na harufu ya upya. Fundi makini hufanya majaribio haya mbele ya muuza spea, na muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki.

Sasa lije jambo lenyewe, ambalo asiye fundi hulikosa kila mara, na ambalo lingetosha peke yake kumtenganisha bingwa na mbabaishaji. Raba haivutwi. Inasukumwa. Anayeanza kazi hii hushika kona moja ya fremu ya mlango, akapaka gundi, kisha akaendelea huku mkono wake wa kushoto ukibandika na wa kulia ukivuta, kwa sababu raba iliyovutwa hunyooka na kupendeza machoni. Haina mawimbi, haina uvimbe, inapita kwenye kona kwa mkato safi. Mwenye lori akija kuangalia jioni ile atafurahi. Lakini mpira una kumbukumbu. Ukivutwa, kila sentimita yake inadai kurudi ilikotoka, mchana gundi ikipata joto na kulegea inapiga hatua, usiku inatulia, kesho yake inapiga hatua nyingine. Baada ya wiki chache raba imejikusanya. Kiungo kimeachama kwa upana wa penseli, na kwenye kona imeacha bati na kukata njia ya mkato, kwa sababu kona ndipo nguvu ya mvuto hukutana na mahali pa kukimbilia.

Hasara haiishii kwenye urefu. Mpira haupungui ujazo; ukiurefusha, unaufanya mwembamba. Raba ya mita 3 ikivutwa sentimita 30 zaidi, unene wake hupungua kwa takriban asilimia 5, na kwenye tumbo la milimita 15 huo ni upungufu wa karibu robo tatu ya milimita. Mtu atauliza robo tatu ya milimita ni kitu gani. Ni kiasi kinachotosha vumbi kupita, kwa sababu raba ya mlango huziba kwa kubanwa, na kinachobanwa kidogo huziba kidogo. Kwenye kona hali ni mbaya zaidi: tumbo lililovutwa kuzunguka mpindo hulala bapa, likakosa kabisa urefu wa kugusa mlango. Na ikiwa raba ni ya mpira asilia au mchanganyiko wa bei nafuu, kuna adhabu ya tatu. Ozoni ya hewani, ijapokuwa ni chembe tu, hupasua mpira wa namna hiyo pale unapokuwa umevutwa, na nyufa zake hukaa kukingama na mwelekeo wa mvuto. Mpira uliolegea wa aina ileile, kwenye jua lilelile, hubaki mzima kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo nyufa ndogondogo zinazokatiza raba ya kona, wakati sehemu zilizonyooka bado ni nzima, hazitokani na jua peke yake. Hizo ni alama za mkono wa aliyevuta.

Bingwa hufanya kinyume. Raba huitoa kwenye mkunjo wake siku moja kabla, akaitandaza mahali penye joto ili isahau duara la ghalani. Huipima bila gundi kuzunguka uwazi wote, na kwa kila mita 1 ya ukingo huongeza kama sentimita 1 kabla ya kukata. Huanza na kona, maana kona ndizo zenye madai makali. Huzikalisha zote, kila moja ikiwa na ziada kidogo, kisha ile ziada iliyobaki huigawa kwenye sehemu zilizonyooka kwa kuisukuma kwa dole gumba kutoka pande mbili kuelekea katikati. Kiungo hufungwa mwisho, ncha mbili zikisukumana kifua kwa kifua, zimekatwa kwa wembe mpya katika pembe mraba, na gundi ikiwa tone moja. Kalafati wa majahazi ya pwani yetu anaijua kanuni hii: pamba huisindika ndani ya ufa, mkunjo juu ya mkunjo, wala haitandazi ikiwa imekazwa, kwa sababu kilichosindikwa hukaa na kilichokazwa hukimbia.

Ukiitazama kazi ya namna hiyo siku ya kwanza, haivutii sana. Upande wa ndani wa kona utaona mikunjo midogo, na hapo ndipo mtazamaji asiyejua husema raba imekaa vibaya. Mikunjo hiyo ndiyo uthibitisho kwamba kuna ziada. Itapungua yenyewe raba ikishazoea mahali pake. Bonyeza kona kwa dole gumba: raba iliyosukumwa inarudisha msukumo, imejaa; iliyovutwa inashuka mpaka kidole kikagonga bati. Kisha shika kiungo kwa vidole viwili na ujaribu kukitenganisha. Kiungo kizuri hakifunguki, na gundi haina sehemu kubwa katika hilo. Ncha zenyewe zinasukumana. Wapo mafundi hodari ambao humwonyesha mteja kiungo kabla hakijatiwa gundi, wakafunga na kufungua mlango mara kadhaa, na kiungo kikabaki kimefungwa. Huo ndio mtihani mkuu wa kazi hii, na wababaishaji hawaufanyi kamwe.

Wababaishaji nao wana utaalamu wao, na ni vizuri uujue. Raba iliyochakaa hupakwa rangi nyeusi ya viatu asubuhi ya mauzo, au husuguliwa dizeli ikang'aa siku mbili kabla ya kuanza kuvimba. Raba nzuri haing'ai. Ukiona raba inayong'aa, pitisha kitambaa cheupe. Wengine huvisha raba nyembamba ya gari dogo, kisha wakasogeza kikamatio cha kitasa ndani kidogo ili mlango ufunge kwa kishindo kizito, na mnunuzi akadhani kishindo ni dalili ya uimara. Wengine, mlango ukiwa mgumu kwa sababu raba ni mpya na nene ipasavyo, huchukua wembe na kuichonga tumbo ili mteja afunge kwa kidole kimoja. Mlango wa lori wenye raba sahihi hauwezi kufungika kwa kidole kimoja siku ya kwanza. Unahitaji mkono, na unahitaji wiki kadhaa za kazi ili raba ikae. Fundi anayemweleza mteja ukweli huo na kukataa kuchonga ni wa kuheshimiwa kuliko anayempendeza.

Kuhusu kioo cha mbele, kanuni ni ileile kwa sura nyingine. Raba huvishwa kwanza kwenye kioo, kamba nyembamba ikalazwa ndani ya mfereji wa raba unaopokea bati kuzunguka kote, ncha zake zikapishana chini katikati. Mmoja nje anakandamiza kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba taratibu, sambamba na kioo, na mdomo wa raba unaruka ukingo wa bati hatua kwa hatua. Kilainishi ni sabuni ya maji na si kingine. Grisi na dizeli zikionekana karibu na kazi hii, kazi imeshaharibika. Kamba ikivutwa kwa pupa mdomo huchanika, na mchaniko huo huonekana ukiwa ndani tu, mahali ambapo watazamaji hawaingizi kichwa. Ukingo wa bati nao lazima uwe msafi, umepigwa praima na rangi nyembamba. Rangi nene iliyorundikana kwenye ukingo hujaza mfereji na kuifanya raba ikae juujuu. Bingwa hujaribu kioo na raba kabla ya rangi, hata kama anajua atavitoa tena, kwa sababu kasoro ya bati iliyogunduliwa kabla ya rangi hugharimu saa moja, na iliyogunduliwa baadaye hugharimu rangi yote ya kabini.

Kiungo cha raba ya kioo cha mbele hukaa juu, katikati. Chini ya kioo hicho maji hutuama, na kiungo kisichofaa kukaa ndani ya maji hakifai kuwekwa hapo. Kiungo cha raba ya mlango hukaa chini, upande wa bawaba. Hilo halina mjadala. Kiungo kilicho upande wa kitasa, mbele ya macho ya kila anayepanda, ni kukosa adabu. Raba za pande zote mbili za lori ziwe za furushi moja, viungo vyake vikae mahali palepale kulia na kushoto. Na raba iwe nyeusi. Raba za kijivu au nyeupe zinazovishwa siku hizi ili zifanane na rangi ya bodi hazina mahali kwenye lori la kazi.

Kuna wanaojibu kwamba silikoni inaziba, basi ugomvi wa nini. Silikoni nyingi zinazouzwa madukani, zile zinazonuka siki, hutoa asidi ya siki zinapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Kwa hiyo anayeipaka kuzunguka kioo anazuia maji ya nje huku akipanda kutu ya ndani, mahali ambapo haitaonekana mpaka bati limetoboka. Zaidi ya hayo, rangi haishiki mahali palipoguswa na silikoni, na fundi atakayekuja kurekebisha atakesha akikwangua. Kioo cha raba kikihitaji msaada, huingizwa mastiki isiyokauka chini ya mdomo wa nje, kidogo, na ziada ikafutwa isionekane. Silikoni inayoonekana ni ungamo la aliyeshindwa kuvisha raba.

Pingamizi la pili lina hoja zaidi. Husemwa kwamba mafundi wa zamani walikata vipande vya tyubu wakaziba milango navyo, na malori yakatembea. Ni kweli yalitembea, na ni haki kukiri kwamba mpira wa butili, ambao tyubu nyingi hutengenezwa nao, huzeeka vizuri na kuzuia hewa kuliko aina nyingi za mpira. Tatizo la tyubu haliko kwenye mpira wenyewe. Liko kwenye umbo. Kipande bapa hakina tumbo la kubanwa wala mdomo wa kufuata bati. Kinaziba pale tu mlango unapokigusa, na mlango wa lori kuukuu haugusi sawasawa popote. Fundi aliyefunga tyubu njiani ili saruji isilowe alifanya jambo la maana. Anayefunga tyubu kwenye lori analosema amelifufua hana udhuru huo.

Wa tatu husema raba za Bedford hazipatikani. Raba iliyofinyangwa kwa ajili ya TJ huenda ikawa adimu, lakini raba ya kukatwa kwa mita ipo, na kinachotakiwa ni kufananisha umbo. Hapa ndipo utaona fundi aliyefundwa: hatupi raba kuukuu mpaka mpya iwe imekaa. Hukata kipande cha sentimita chache kutoka mahali ambapo haikubanwa, mara nyingi chini ya kona ya bawaba, akakisafisha na kwenda nacho dukani. Kipande kilichobanwa miaka mingi kitamdanganya, kwa kuwa tumbo lake limeshalala. Anayekwenda dukani na picha ya simu atarudi na raba ya Hiace.

Wa nne husema lori ni lori, hata jipya lilikuwa linaingiza vumbi. Ni kweli malori ya enzi hiyo hayakuwa masanduku ya chuma yasiyopitisha kitu, na mengine yalibuniwa kupitisha maji kwa makusudi. Maji ya mvua huteremka pembeni mwa kioo cha mlango, hupita kwenye felti, huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu yaliyo chini kabisa. Hiyo si kasoro. Kasoro ni ya fundi anayebandika raba juu ya matundu hayo au kuyajaza puti kwa kudhani anaziba uvujaji. Mlango wake utahifadhi maji, na kwa malori ya Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, utaoza kuanzia ndani. Kwa hiyo kujua mahali pa kuacha wazi ni sehemu ya kujua kuziba, na pingamizi hili, likifuatwa mpaka mwisho wake, linaunga mkono ninachosema: ubunifu wa lori uheshimiwe. Uvujaji uliokusudiwa uachwe. Uvujaji wa uvivu usitetewe kwa jina la ukale.

Upimaji wenyewe hauna siri. Paka chaki kwenye raba yote, funga mlango mara moja, fungua, na usome mstari ulioachwa kwenye bati: uwe mfululizo na wa upana mmoja. Penye mkatiko hapazibi. Palipopanuka pamebanwa kupita kiasi. Kisha funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute, ukarudie kila sentimita 10. Mkono utahisi upinzani uleule kila mahali, au hautahisi. Usiku, weka taa kali ndani ya kabini na uzunguke nje. Maji yawe ya mwisho, ya bomba la kawaida lisilo na presha kubwa, yakianzia chini na kupanda polepole, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Anayeanza juu akaona maji sakafuni hajajua chochote, maana maji yameshapita kila mahali.

Zamani, katika gereji za Gerezani Dar es Salaam na za mtaa wa Kirinyaga Nairobi, kuvisha vioo na raba kulikuwa kazi ya mtu maalumu. Kijana aliyejifunza alipewa poda na kitambaa kabla ya kupewa kisu, na alikaa muda mrefu akishika upande wa nje wa kioo kabla ya kuruhusiwa kuvuta kamba. Leo aliyenyoosha bati ndiye anayepiga rangi, ndiye anayeunga nyaya, na raba huachiwa usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano, mikono ikiwa imechoka na mteja akipiga simu. Mafundi si wavivu kuliko baba zao. Wateja ndio walioacha kutazama, na kisichotazamwa hakilipwi. Ufundi huu hautarudi kwa maneno ya majonzi; utarudi wenye malori wakianza kuuliza maswali yanayostahili.

Basi, ukialikwa kulitazama lori lililofufuliwa, ipe rangi dakika moja tu. Fungua mlango wa dereva, bonyeza kona ya juu kwa dole gumba, inama utafute kiungo chini ya bawaba, hesabu matundu ya maji, ingiza kichwa ndani uangalie mdomo wa raba ya kioo cha mbele, kisha nusa. Kona ikijaa, kiungo kikisukumana, matundu yakiwa wazi, mdomo ukiwa mzima na pasiwe na harufu ya siki, mpongeze fundi kwa jina lake mbele ya watu. Na kama lori ni lako na umekuta raba imevutwa, usilipe salio mpaka itolewe na kuvishwa upya.